Kadi Ishirini na Nane

Kila mkija hapa kwangu Mkonze, ninyi walimu vijana, swali ni lile lile: "Shikamoo Madamu, hivi uliwezaje kufundisha hesabu kwa simu moja, darasa la watoto hamsini na wanne?" Marahaba. Kaeni. Hizo karanga kuleni, maganda tupeni kwenye kapu, si chini. Nitawaambia, ila msiende kuandika kwenye ripoti zenu kwamba Madamu Chiseo alikuwa mtaalamu wa teknolojia. Mimi nilikuwa mwalimu wa chaki. Vumbi la chaki nimelila zaidi ya miaka thelathini, na hiyo teknolojia yenu ilinikuta nimebakiza miaka miwili nistaafu, mgongo unauma, miwani nimeifunga kwa uzi. Nikaipenda kweli kweli. Halafu nusura nimharibie nayo mtoto wa watu maisha. Mazuri yake mtaambiwa kwenye semina, mimi nitawaambia na hilo la pili.

Lakini kwanza niwaambie la yai, mcheke kidogo.

Shule yetu ilikuwa ya bweni, upande wa Kongwa, kule ambako upepo ukianza asubuhi unakusindikiza mpaka jioni. Walituletea projekta moja na kompyuta mbili. Vikakaa kabatini kwa mkuu wa shule, vimefunikwa kitambaa cha meza, kila mgeni wa wilaya akija anafunuliwa anaonyeshwa, kisha vinafunikwa tena. Siku moja nikasema, jamani, mimi navitoa hivi. Nikaingia navyo Kidato cha Nne, nikawasha, ukutani huoni kitu kwa jua. Nikawatuma wasichana bwenini wakaleta mablanketi, tukaziba madirisha, joto likapanda, darasa zima likanuka soksi. Nikachora duara kwenye kompyuta, nikatangaza kwa sauti, "Hili ni duara." Halafu mmoja nyuma kule akasema, "Madamu, hilo ni yai."

Wakaangua kicheko. Mimi badala ya kugeuka nitazame ukuta, nikatazama kitabu. Nikawaambia mlinganyo wake ni wa duara, kwa hiyo ni duara, na asiyetaka atoke nje. Nikafundisha yai kipindi kizima! Baadaye ndipo nikaonyeshwa kwamba projekta ilikuwa imeivuta picha upande mmoja. Basi tangu siku ile, kabla watoto hawajaingia, nachora duara, naenda ukutani na rula, napima kwenda juu, napima kwenda pembeni. Vipimo vikilingana nafundisha. Visipolingana nazima, narudi ubaoni. Na chaki iwe mfukoni siku zote, maana umeme wa kule ukiondoka haukuagi.

Aliyenionyesha hayo alikuwa Neema, mwalimu wa kujitolea, binti mdogo kabisa, ametoka chuo juzi juzi. Wengine ofisini walikuwa wanamtuma chai. Mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi wake, na nilikuwa mwanafunzi mbishi. Siku moja aliingia darasani kwangu, akakaa nyuma, akanisikiliza nikifundisha. Kipindi kilipoisha nikauliza kama nilivyouliza maisha yangu yote, "Tuko pamoja?" Darasa likaitika, "Ndiyooo!" "Mmeelewa?" "Ndiyooo!" Nikakusanya vitabu vyangu, nimeridhika kabisa.

Neema akanifuata nje. "Madamu, samahani. Unajuaje kama wameelewa?"

"Hukuwasikia?"

"Niliwasikia. Mimi pia nilikuwa naitika hivyo hivyo shuleni. Nilikuwa sielewi kitu."

Nilikasirika, siwafichi. Lakini lile neno lilinikaa kichwani, kwa sababu na mimi nilipokuwa msichana nilikuwa naitika ndiyo kama wenzangu. Nani atainuka peke yake aseme hapana? Kwetu mtoto akimwambia mwalimu hajaelewa, wenzake wanamcheka, na mwalimu mwenyewe anahisi ametukanwa. Kwa hiyo wote mnaitika, kengele inalia, mnaenda kula ugali.

Dawa ya Neema ilikuwa kadi. Simu kwa wanafunzi ilikuwa marufuku, na ni sawa, mimi mwenyewe ningepiga marufuku. Yeye alichapisha kadi hamsini na nne, kila kadi ina mchoro wake wa viboksi vyeusi na vyeupe, na namba ndogo pembeni. Kadi ina pande nne, A, B, C na D. Mwalimu anauliza swali, kila mtoto anainua kadi yake akiwa ameelekeza juu upande wa jibu lake. Mwalimu anapitisha simu yake moja juu ya darasa, simu inasoma kadi zote na kuandika nani kajibu nini. Jirani yako hawezi kukuibia, kwa sababu michoro haifanani. Huna haja ya kufungua mdomo. Na mimi nilichokuwa nawaonyesha ukutani ni hesabu tu, wangapi A, wangapi B, bila jina la mtu.

Swali la kwanza nililiuliza mara tu baada ya kufundisha eneo. Shamba la mraba, kila upande ukiuongeza uwe mara mbili, eneo linakuwa mara ngapi? Nilikuwa nimetoka kulieleza, wameitika ndiyo mpaka mabati yametikisika. Nikapitisha simu. Waliosema mara nne walikuwa kumi na mmoja. Waliobaki walisema mara mbili, na mmoja alisema nusu.

Mama yangu! Nilikaa kwenye kiti. Nikajiuliza ni miaka mingapi nimekuwa nikifundisha watu kumi na mmoja.

Kuanzia hapo darasa likabadilika, na hili mlishike. Usiwape jibu haraka. Waambie, "Geuka kwa jirani yako, mbishane dakika tatu, kisha kadi juu tena." Weee! Kelele zake! Waliokuwa wanasinzia wakaamka, walikuwa wanachora mashamba kwenye vumbi la sakafu, wanagombana kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, kwa Kigogo. Kadi zikiinuka mara ya pili, unaona kumi na mmoja wamekuwa arobaini, na hujasema neno. Nilikuwa natoka pale nacheka peke yangu njiani.

Mtu mmoja tu hakufurahi, Mwalimu Sudi. Sudi alikuwa anafundisha Kiswahili, na ndiye aliyekuwa mwalimu wa darasa lile. Utani wetu ulikuwa wa miaka mingi. Yeye teknolojia yake ilikuwa daftari la mahudhurio. Kila asubuhi kalamu mbili, ya bluu kwa aliyepo na nyekundu kwa asiyepo, na mistari amepiga kwa rula. "Chiseo," ananiambia, "mtihani wa taifa hauingii na simu. Mtoto anaingia na kalamu na kitabu cha majedwali. Wewe wafundishe kuinua makaratasi, watamwinulia nani?" Nami namjibu, "Kaa na wino wako mwekundu, baba, utaachwa na basi."

Sasa sikilizeni vizuri jinsi nilivyogawa kadi, maana kosa lipo hapo. Nilichukua daftari lake Sudi. Mnajua daftari zetu zilivyo, wavulana kwanza, kisha wasichana. Wavulana walikuwa ishirini na saba, wakapewa kadi namba moja mpaka ishirini na saba. Wasichana wakaendelea kuanzia ishirini na nane. Majina nikayaingiza kwenye simu mwenyewe kwa kidole kimoja, mchana kutwa, kwa utaratibu ule ule. Nikajaribu. Abdala akainua kadi namba moja, simu ikaandika Abdala. Aloisi akainua namba mbili, simu ikaandika Aloisi. Nikasema imekubali, tuendelee.

Mimi! Mimi niliyewafokea watoto miaka yote kwamba mifano miwili haithibitishi kitu.

Na uvivu ukaja juu yake. Zamani kila mwezi nilikuwa natoa jaribio la karatasi, nasahihisha madaftari hamsini na nne mpaka vidole vinakakamaa. Sasa simu inanipa kila Ijumaa orodha nzima, nani amepata kumi kwa kumi, nani amepata mawili. Nikaacha majaribio. Nilijiambia nimepumzika, umri umekwenda. Waliopata vizuri nikawapa zawadi. Joramu, kijana mmoja mpole ambaye sikuwahi kumtegemea, alikuwa anaongoza kila wiki, nikampa mkebe mpya wa vifaa vya jiometri, nikamfanya kiongozi wa kundi. Waliopata vibaya niliwakusanya saa kumi jioni kwa masomo ya ziada. Na mkiani, wiki baada ya wiki, alikuwa Asha.

Asha alitoka Chemba, vijiji vya Wasandawe, wale ambao lugha yao ina sauti za kugonga ulimi. Kiswahili alikijulia shuleni. Kidato cha kwanza alipofungua mdomo wenzake walimcheka matamshi, akaufunga, na mpaka kidato cha nne nilikuwa sijamsikia akijibu swali. Kidato cha tatu alipata F ya hesabu, hilo halikuwa la simu, lilikuwa la kweli. Kwa hiyo simu iliposema Asha hajui, sikushangaa. Kwenye masomo ya ziada alikuwa anamaliza mazoezi kabla ya wote. Nikaona anaibia kwa mwenzake, nikamhamisha akae peke yake. Akamaliza mapema tena. Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri mazoezi ni mepesi mno. Macho yangu mawili yalikuwa yananiambia, na mimi nasikiliza simu.

Mwezi wa saba tukafanya mtihani wa moko, ule wa majaribio kabla ya wa taifa. Ukasahihishwa na walimu wa shule nyingine. Matokeo yakaja, Asha amepata themanini na moja.

Kulikuwa na tetesi kwamba karatasi ya hesabu ilionekana mabwenini kabla ya siku yake. Mkuu wa shule, mtu mwema lakini mwoga wa barua za kutoka juu, akaniita ofisini. "Madamu, wewe ndiye mwenye kumbukumbu. Huyu binti ana uwezo wa themanini na moja?"

Nikatoa simu. Nikafungua. Nikamwonyesha tangu mwezi wa kwanza, maswali kumi anapata mawili, akijitahidi matatu. "Hana," nikasema.

Neno moja, nalisikia mpaka leo. Mkuu akapiga simu Chemba, akamwambia mama yake Asha aje kumchukua mwanawe kesho, amesimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Na uchunguzi wa namna ile unajua lini unaanza, hujui lini unaisha. Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza miezi michache tu. Mtoto akikosa kuingia chumba cha mtihani, basi, amerudi kulima, na mwaka unaofuata nani atamlipia tena? Nilimpita Asha nje ya ofisi. Hakulia. Akasema, "Shikamoo Madamu," kama kawaida yake. Nikaitika marahaba nikiangalia pembeni. Nilijiona nimefanya haki.

Asubuhi yake kamati ya nidhamu ikakaa, watu wachache tu, ili barua ya kumsimamisha Asha isainiwe. Sudi kama mwalimu wa darasa alitakiwa kuweka saini yake. Akaishika ile kalamu, akaiweka chini.

"Nataka kwanza kuiona hiyo simu," akasema. "Miezi saba naisikia tu."

Nikampa. Sudi hajui kutumia simu ile, anagusa kioo kama anayegusa uji wa moto. Akapitia majina. "Asha mawili. Asha matatu. Asha mawili. Haya. Na huyu Joramu?"

"Joramu ni moto," nikamwambia. "Siku hizi kumi kwa kumi karibu kila wiki."

"Joramu yupi?"

"Joramu wetu, Sudi, una wangapi?"

"Joramu huyu anayeniandikia insha ya mistari minne?" Akaisogeza simu mbali na macho. "Mwezi wa tano hapa, wiki ya pili na ya tatu, alijibu?"

"Kila kipindi."

Sudi akafungua daftari lake la mahudhurio, akalamba kidole, akafunua mwezi wa tano, akaligeuza mezani mbele yetu. Mbele ya jina la Joramu, wiki mbili nzima, wino mwekundu. "Joramu alikuwa kwao Chamwino, baba yake kalazwa. Ruhusa nilimwandikia mimi kwa mkono huu. Sasa Chiseo, hii simu yako ilimwona wapi? Ilimfuata wodini?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikalivuta daftari kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine, nikaanza kusoma huku na huku. Kwenye daftari: Abdala, Aloisi, Baraka. Kwenye simu: Abdala, Aloisi, Asha, Baraka. Simu ilikuwa imeyachanganya majina ya wavulana na wasichana, ikayapanga upya kwa herufi bila kuniuliza! Wawili wa kwanza tu ndio waliobaki mahali pao, na ndio hao hao niliowajaribu.

"Mungu wangu," nikasema. "Siyo yeye. Siyo Asha huyu."

Mkuu akasema hajaelewa. Nikamweleza polepole. Kadi namba tatu ilikuwa mkononi mwa Baraka, mvulana wa tatu kwenye daftari, ambaye kipindi cha hesabu kwake kilikuwa cha kulala. Simu ikiiona namba tatu inaandika Asha, kwa sababu kwenye orodha yake Asha ndiye wa tatu. Kadi ya Asha ilikuwa namba ishirini na nane, kwa kuwa ni msichana wa kwanza baada ya wavulana ishirini na saba. Simu ikiiona ishirini na nane inaandika Joramu. Na zile wiki mbili nilizomgombeza msichana mmoja, Edina, kwamba anaficha kadi kwa sababu simu ilisema hajajibu, kumbe jina lake lilikuwa limeangukia kwenye namba ya kadi ya Joramu, ambayo haikuwepo darasani kabisa.

"Kwa hiyo hizi kumi kwa kumi za Joramu?" mkuu akauliza.

"Ni za Asha. Zote. Tazama, mwezi wa pili tayari anapata nane. Mwezi wa nne tisa. Mwezi wa pili mtihani wa moko ulikuwa haujatungwa hata swali moja, atakuwa ameuibia wapi?"

Mkuu akaitazama ile barua. Akamtazama Sudi. Sudi akaichukua, akaichana mara mbili, akaviweka vipande ndani ya daftari lake, na akaandika kitu kwa wino wa bluu. Nikamuuliza anaandika nini. "Naandika kwamba leo yupo," akasema.

Jamani, sijui niwaelezeje nilivyopumua. Nilikuwa nimeshika meza. Nilimshika Sudi mkono nikamwambia asante mara nne mfululizo, naye akasema, "Basi limeniacha, lakini nimepata lifti." Nikamwacha na kejeli zake, alizistahili siku ile.

Kabla sijaendelea niwaambie la Joramu, msije mkaniuliza. Nilimwita baadaye, nikamuuliza, "Wewe mtoto, ulikuwa hujui kwamba hujui?" Akakuna kichwa. "Madamu, nilidhani nabahatisha vizuri." Mkebe sikumnyang'anya. Nilimpeleka masomo ya ziada, na Baraka tukamwamsha, na wote wawili walipiga hatua zao. Neema alitengeneza orodha upya, safari hii tukajaribu mtoto mmoja mmoja, wa kwanza, wa katikati, wa mwisho, wote hamsini na wanne, kadi inainuka, jina linasomwa kwa sauti, mwenyewe anaitika. Na jaribio la karatasi nikalirudisha kila mwezi. Vidole viliuma kama zamani, nikashukuru. Kadi sikuziacha hata siku moja mpaka nastaafu, na ninyi msiziache. Mnaofikiri nawaambia mrudi kwenye chaki peke yake hamkunisikia.

Nikamtafuta Asha. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za bweni, tranka lake limefungwa kwa kamba pembeni, amevaa sare safi. Alikuwa anamsubiri mama yake. Akasimama. "Shikamoo Madamu."

"Marahaba. Kaa." Nikakaa na mimi kwenye ngazi, na magoti yangu haya. Wasichana waliokuwa wanafua wakaacha kufua. Nikamweleza yote, kadi, daftari, simu, Joramu, Baraka. Nikamweleza na lile neno nililolisema ofisini. Kisha nikamwambia, "Asha, nimekukosea. Nisamehe." Wengine watawaambia mtu mzima haombi msamaha kwa mtoto mbele ya watoto. Wamekosea. Mnaomba pale pale, kwa sauti ile ile mliyokosea nayo.

Akauliza, "Kwa hiyo nilikuwa napata?"

"Ulikuwa unapata."

"Mimi nilikuwa naona jibu ukutani ni lile nililoinua. Lakini Ijumaa nikiitwa masomo ya ziada, nasema labda naishika kadi vibaya. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kuishika. Rafiki yangu anasimama kule mbali, mimi nainua, ananiambia imekaa wima au imepinda."

Miezi saba! Mtoto anafanya mazoezi ya kushika karatasi, kwa sababu hakufikiria hata mara moja kwamba mimi ndiye niliyekosea. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa sijibu kitu shule hii mpaka ulipoleta kadi," akasema. "Niliogopa nikisema, utazichukua."

Hapo nikalia. Siwafichi, nililia pale kwenye ngazi mbele ya wasichana na mabeseni yao, na Asha ndiye akawa ananipa pole. Nilipotulia nikakumbuka mama yake, pengine yuko kituoni Chemba anasubiri basi, na roho yake juu. Nikampa Asha simu yangu, ile ile. Nikamwambia, "Mpigie mwenyewe. Mwambie asije, huendi popote."

Akaipiga. Mama akapokea mara moja. Asha akaanza kuzungumza kwa lugha yao, haraka haraka, ulimi unagonga, sauti inapanda, sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake kwa miaka minne. Sikuelewa kitu. Neno moja tu nililitambua, hisabati, akalirudia mara tatu, na kila akilitamka, nilimsikia mama yake kwenye simu akipiga kigelegele.